Epithelia: Tishu Inayofunika Mwili, Kazi Zake na Majina Yake katika Kiswahili

Utangulizi

Kutoka Idara ya Kiswahili katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi bewa la Chiromo, ambako wanafunzi wa udaktari husomea anatomia ya binadamu, ni mwendo mfupi wa miguu. Mwanafunzi huacha katikati ya jiji, akapita Museum Hill, na kabla ya kufika Westlands amekwisha kuwasili. Kilugha, hata hivyo, umbali huo ni mkubwa. Tangu kitivo cha tiba kilipoanzishwa mwaka 1967, mafunzo yake yametolewa kwa Kiingereza, huku upande wa pili Kiswahili kikichambuliwa kwa ufundi katika isimu na fasihi lakini kikiitwa kwa nadra kueleza ini, figo au ngozi. Anayesimama katikati ni mgonjwa. Mkazi wa Kangemi, Kawangware, Uthiru au Dagoretti anayepelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta huulizwa maswali kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswahili, kisha hukabidhiwa majibu ya maabara yaliyoandikwa kwa istilahi asizozijua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu wa afya ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, katika lugha anayoifahamu. Agizo hilo haliwezi kutekelezwa kwa nia njema pekee, linahitaji maneno. Kazi ya kuyaunda maneno hayo si ngeni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na shule za msingi za Tanzania zimefundisha sayansi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Makala haya yanalichukua somo moja la histolojia, yaani elimu ya tishu, na kulieleza kwa Kiswahili. Somo lenyewe ni epithelia. Limeteuliwa kwa kuwa hii ndiyo tishu inayoukutanisha mwili na hewa, chakula, mkojo na vumbi, na pia kwa kuwa ndimo zinamoanzia saratani nyingi zaidi za watu wazima. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba jina la kila aina ya epithelia, likiundwa vizuri, humwonyesha msikilizaji umbo la seli zake. Na umbo likishajulikana, kazi huweza kukisiwa hata kabla ya kufundishwa.

Tishu, utando na epithelia

Neno "tishu" liliingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kitambaa kilichofumwa. Aliyelipa maana ya kianatomia ni Xavier Bichat, tabibu wa Paris aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Bichat alizitofautisha tishu 21 za mwili bila kutumia hadubini: alizikata, akazikausha, akazichemsha na kuzitia asidi, kisha akazilinganisha. Katika mitaa ya Nairobi neno hilo lina maana nyingine kabisa. Mchuuzi wa River Road anayeuza tishu anauza karatasi laini za kujifutia. Mwalimu anayelianza somo hili hana budi kuzitenganisha maana hizo mbili mapema, la sivyo darasa litacheka mahali asipotarajia.

Neno "epithelia" lina historia ya ajabu zaidi. Liliundwa mwanzoni mwa karne ya 18 na Frederik Ruysch, mwanaanatomia wa Amsterdam, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya "juu ya" na la pili lina maana ya chuchu. Ruysch aliihitaji istilahi ya kuitaja ngozi nyembamba inayofunika sehemu kama chuchu na midomo. Baadaye hadubini ilipodhihirisha kwamba tishu ya aina hiyo hupatikana pia mapafuni, matumboni na figoni, jina lilikwisha kuzoeleka. Kwa hiyo hata katika lugha zinazosifiwa kuwa za sayansi, istilahi hii ni jina lililokosea shabaha likasamehewa kwa sababu ya mazoea. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi kwa kuwa maneno yake hayalingani sawasawa na vitu yafaa aanzie hapa.

Je, neno "utando" haliwezi kutosha? Ni neno zuri. Linatokana na kitenzi "tanda", kama mawingu yanavyotanda, na tayari linatumika kwa utando wa buibui na utando wa maziwa yaliyopoa. Tatizo ni kwamba katika tiba utando ni kitu kikubwa kuliko epithelia. Utando wa ndani ya mdomo, kwa mfano, una epithelia juu na tishu unganishi chini yake yenye mishipa ya damu na neva. Kuita epithelia utando ni sawa na kuiita rangi ya ukuta kuwa ni ukuta. Makala haya yanalihifadhi neno utando kwa maana hiyo pana na kulitumia neno "epithelia" kwa tabaka la seli peke yake.

Sifa zinazoitambulisha epithelia

Seli za epithelia hukaa bega kwa bega, zikiwa zimefungamana kwa vifungo vya protini, na kati yake hakuna nafasi ya kutajika. Katika tishu nyingine, kwa mfano mfupa, seli ni chache na zimetapakaa ndani ya kitu kisicho hai. Epithelia ina pande mbili zisizofanana: upande huru, unaotazama nje au kwenye uwazi wa mrija, na upande wa kitako, ulioshikamana na utando kitako. Utando kitako ni mkeka mwembamba wa protini unaoitenganisha epithelia na tishu unganishi iliyo chini yake. Msomaji aukumbuke mkeka huo, kwani utarejelewa patakapozungumzwa habari za saratani.

Ndani ya epithelia hamna mishipa ya damu. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya kutoka chini. Ndiyo sababu mkwaruzo mwepesi wa karatasi huweza kuchuna ngozi bila kutoa tone la damu. Neva, kinyume chake, zipo, na ndiyo sababu mkwaruzo huohuo huuma.

Zaidi ya hayo, epithelia hujijenga upya daima. Seli za ngozi zinazozaliwa leo karibu na utando kitako huchukua takriban mwezi mmoja kupanda hadi juu na kupukutika. Zile za utumbo mwembamba hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa za kemikali, ambaye hupata vidonda mdomoni, akaharisha na nywele zikamtoka, anaonyesha ukweli huu kwa uchungu: dawa hizo huua seli zinazogawanyika kwa kasi, na hazibagui seli ya saratani na seli ya epithelia inayofanya kazi yake ya kila siku.

Kanuni ya kutoa majina

Kila epithelia hutambulishwa kwa mambo mawili: idadi ya matabaka na umbo la seli. Ikiwa na tabaka moja, huitwa epithelia sahili; ikiwa na matabaka mengi, huitwa epithelia tabaka. Umbo nalo ni la aina tatu.

Umbo la kwanza ni bapa. Istilahi za Ulaya hulitaja kwa neno la Kilatini lenye maana ya gamba, na wako wanaotumia "seli gamba" katika Kiswahili. Yaelekea "bapa" inafaa zaidi. Gamba humfanya msikilizaji afikirie samaki au ugonjwa wa ngozi, ilhali bapa ni neno lililokwisha kubeba wazo la kitu kipana na chembamba, kama bapa la kisu. Umbo la pili ni mchemraba, neno ambalo wanafunzi walilipata katika hisabati ya shule ya msingi. Umbo la tatu ni nguzo: seli ndefu iliyosimama wima, kiini chake kikiwa karibu na kitako.

Katika epithelia tabaka, seli za chini huwa na umbo tofauti na za juu. Kanuni ni kutaja umbo la zile za juu kabisa. Ngozi huitwa epithelia tabaka bapa ingawa seli zake za chini zinakaribia kuwa nguzo. Wanafunzi wengi hukosea hapa, kwa kuwa hutazama chini ya hadubini na kuchagua seli zinazoonekana vizuri zaidi badala ya zile za juu.

Epithelia sahili: palipo na kupenya, kuchuja na kufyonza

Mahali ambapo kitu kinatakiwa kupita kwa urahisi, mwili huweka ukuta mwembamba kadiri inavyowezekana. Epithelia sahili bapa hupatikana katika vifuko vya hewa vya mapafu, ndani ya moyo na mishipa yote ya damu, na juu ya nyuta zinazozingira mapafu na matumbo. Katika mapafu, umbali kati ya hewa na damu ni chini ya elfu moja ya milimita. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni, na eneo lake likitandazwa linakaribia mita mraba 70. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa kati ya asilimia 15 na 20 kuliko Mombasa, na bado mkazi wake hupanda mlima wa Kangemi huku akizungumza. Wembamba wa seli bapa una sehemu yake katika uwezo huo.

Gharama ya wembamba ni udhaifu. Seli bapa za tabaka moja haziwezi kustahimili msuguano, na kwa hiyo hazipatikani popote panaposuguliwa.

Epithelia sahili mchemraba hupatikana katika mirija ya figo, katika vifuko vya tezi ya thairoidi shingoni na katika vijia vya tezi nyingi. Seli ya mchemraba ina nafasi ya kutosha kuweka mitambo ya kusukuma chumvi na maji. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, lakini mkojo unaotoka huwa kati ya lita 1 na 2. Tofauti hiyo yote hurudishwa kwenye damu na seli za mirija ya figo. Lau seli hizo zingekuwa bapa, zisingekuwa na pa kuweka mitambo hiyo.

Epithelia sahili nguzo ndiyo ya tumbo na utumbo. Urefu wa seli zake huziwezesha kutengeneza vimeng'enya na ute kwa wingi, na katika utumbo mwembamba upande wake huru umejaa vijidole visivyoonekana kwa macho vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Vitabu vingi vya zamani vilidai kwamba utumbo ukikunjuliwa hutosha uwanja wa tenisi. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2014 uliupima upya na kupata takriban mita mraba 30. Hilo bado ni eneo kubwa, lakini madai ya uwanja wa tenisi hayafai kuendelea kunakiliwa katika madaftari. Kati ya nguzo hizo kuna seli zilizotuna juu na kukonda chini, ambazo kwa umbo lake zinafaa kuitwa seli bilauri. Kazi yake ni kutoa ute.

Asiye na hadubini anaweza kujifunza kwa vidole. Matumbo ya ng'ombe yanayouzwa karibu na machinjio ya Dagoretti, au katika soko lolote la magharibi mwa jiji, yana chumba cha kwanza chenye uso mkavu na mgumu unaofanana na taulo. Hicho kimefunikwa kwa epithelia tabaka bapa, kwa kuwa kinapokea nyasi zinazokwaruza. Chumba cha nne na utumbo wenyewe ni laini na huteleza, kwa kuwa vimefunikwa kwa epithelia sahili nguzo inayotoa ute. Anayeosha matumbo kwa ajili ya mapishi amekwisha kuzitofautisha aina hizo mbili. Anachokosa ni majina. Tumbo la binadamu lote ni la namna ya chumba kile cha nne.

Tabaka bandia: epithelia ya njia ya pumzi

Katika pua, koo la pumzi na matawi yake makubwa kuna epithelia inayomdanganya mtazamaji. Viini vya seli huonekana katika vimo mbalimbali, kana kwamba matabaka ni mengi, ilhali kila seli imekanyaga utando kitako. Jina "epithelia tabaka bandia" limeikaa vyema. Upande wake huru una silia, ambazo ni nywele ndogo sana zinazopiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, zote zikielekea kooni. Seli bilauri hutandaza ute. Vumbi na vijidudu hunasa humo. Silia huusukuma ute hadi kooni, unakomezwa au kutemwa. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa: kuna ute, kamasi, kohozi na belghamu, na kila moja lina mahali pake.

Anayesubiri matatu kando ya Waiyaki Way jioni, au anayepikia makaa katika chumba kisicho na dirisha huko Kawangware, huitumikisha epithelia hii kuliko ilivyozoea. Moshi wa sigara hudhoofisha silia, na ukidumu kwa miaka seli za nguzo zenye silia huweza kubadilika kuwa epithelia tabaka bapa. Seli bapa hustahimili moshi vizuri zaidi, lakini hazina silia wala ute. Mvutaji hulazimika kukohoa ili kufanya kwa nguvu kile ambacho silia zilikuwa zikifanya kimyakimya. Kikohozi chake cha asubuhi ni kazi ya epithelia iliyohamishiwa kwa misuli ya kifua. Mabadiliko ya epithelia ya aina moja kuwa ya aina nyingine yanaweza kuitwa "mgeuko wa epithelia". Huo si saratani, lakini ni udongo ambao saratani huweza kuota.

Mgeuko kama huo hutokea jichoni kwa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa vitamini A: uso wa jicho hukauka na kuwa mgumu kama ngozi. Sukuma wiki na karoti, ambazo hazikosekani katika soko la Kangemi, zina viambato ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini hiyo.

Epithelia tabaka: palipo na msuguano

Panapokwaruzwa, mwili huongeza matabaka. Yale ya juu yakiharibika, ya chini huchukua nafasi. Ngozi ina epithelia tabaka bapa yenye keratini, protini ngumu ambayo ndiyo pia hutengeneza kucha na nywele. Seli za juu kabisa za ngozi zimekufa. Mba inayoanguka kutoka kichwani ni vifungu vya seli hizo. Keratini huzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie, na kuungua kwa sehemu kubwa ya ngozi huhatarisha maisha kwa sababu kinga hizo mbili hutoweka kwa pamoja.

Hamali anayesukuma mkokoteni kutoka soko la Wakulima, au kibarua wa mijengo ya Westlands na Kilimani, huanza kazi kwa malengelenge. Lengelenge ni majimaji yaliyojaa mahali ambapo matabaka ya ngozi yameachana kwa sababu ya msuguano wa ghafla. Akiendelea kwa wiki kadhaa, seli za chini huzaana kwa kasi, keratini huongezeka, na viganja hupata sugu. Neno hili lina thamani kwa mwanaisimu. Kiswahili kilianza na sugu ya kiganjani, kikapanua maana hadi kwa mtu sugu, asiyesikia maonyo, na hatimaye tiba ikaliazima tena kwa usugu wa vijidudu dhidi ya dawa.

Mdomo, umio, uke na sehemu ya nje ya mlango wa kizazi vina epithelia tabaka bapa isiyo na keratini, ambayo hubaki na unyevu. Umio unastahili kutazamwa kwa makini katika Afrika Mashariki, kwa kuwa eneo hili limo katika ukanda wenye saratani nyingi za umio za seli bapa, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kosa si la chai, ni la joto. Matabaka ya umio yameumbwa kukabili msuguano wa ugali na mahindi ya kuchoma, na hayakuumbwa kuchomwa mara tatu kwa siku. Pombe na tumbaku huongeza hatari. Anayeiacha chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa hapotezi chochote.

Kibofu na njia za mkojo zina epithelia ya pekee. Kibofu kikiwa kitupu, seli zake za juu hutuna kama kuba. Kikijaa, hutandazika na matabaka huonekana kupungua. Wataalamu wa zamani waliiita epithelia ya mpito kwa kudhani kuwa ni hatua ya kati baina ya aina mbili nyingine. Dhana hiyo iliachwa, jina likabaki. Kiswahili hakina sababu ya kulirithi kosa hilo. "Epithelia nyumbufu" husema kinachotendeka: tishu hunyumbuka, kibofu kikahifadhi nusu lita ya mkojo bila kuvuja.

Tezi nazo ni epithelia. Wakati wa ukuaji wa mimba, seli za epithelia huzama ndani ya tishu unganishi na kuanza kutoa vitu. Zinazobaki na kijia cha kutokea juu hutoa jasho, mate au maziwa. Zinazopoteza kijia humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu.

Mpaka wa mlango wa kizazi

Yote yaliyotangulia hukutana mahali pamoja padogo katika mwili wa mwanamke. Kenya hutumia zaidi "mlango wa kizazi", na Tanzania husema pia "shingo ya kizazi". Shingo inafuata Kilatini na kueleza umbo. Mlango hueleza nafasi, kwamba hapo ndipo nje na ndani hukutana. Kwa somo la epithelia, mlango unafaa zaidi. Upande wa nje umefunikwa kwa epithelia tabaka bapa. Upande wa ndani, kwenye mfereji, kuna epithelia sahili nguzo inayotoa ute. Mstari zinapokutana haukai mahali pamoja maisha yote. Msichana anapobaleghe, epithelia nguzo husukumwa nje kidogo, hukutana na asidi ya uke, na polepole hugeuka kuwa tabaka bapa. Ni mgeuko uleule wa njia ya pumzi ya mvutaji, isipokuwa hapa ni wa kawaida na hauna kosa lolote.

Eneo hilo linalogeuka ndilo ambalo virusi vya papiloma hulipenda. Huingia katika seli za chini kabisa, karibu na utando kitako, kupitia mikwaruzo isiyoonekana. Mara nyingi mwili huvifukuza. Vikidumu kwa miaka mingi, hasa vya aina ya 16 na 18, ambavyo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, seli huanza kuzaana bila mpangilio. Maadamu seli hizo hazijauvuka utando kitako, daktari anaweza kuziondoa katika matibabu ya muda mfupi. Zikiuvuka mkeka ule mwembamba, huifikia mishipa ya damu na ya limfu, na ugonjwa huwa mwingine kabisa. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, ingawa hutanguliwa na miaka mingi ya mabadiliko yanayoweza kuonekana.

Kuyaona si jambo la mitambo mikubwa. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi asidi hafifu ya siki, husubiri takriban dakika moja, na sehemu zenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Chanjo dhidi ya virusi hivyo iliingizwa katika mpango wa chanjo wa Kenya mnamo Oktoba 2019, ikiwalenga wasichana wa miaka 10. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto mdogo hivyo achanjwe anaweza kujibiwa kwa histolojia: kinga inatakiwa iwepo kabla virusi havijalifikia eneo linalogeuka.

Hapa ndipo suala la istilahi linapomgusa mtu. Neno "saratani" lilitoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya kaa, mnyama wa baharini. Kigiriki nacho kilitumia neno la kaa, na ndilo lililozaa istilahi ya Ulaya inayotaja saratani za epithelia peke yake. Kiswahili, kwa hiyo, kina taswira ileile ya kaa, ila kimeipa maana pana: saratani ya damu, ya mfupa na ya ngozi zote huitwa saratani. Mwanamke wa Uthiru anayeambiwa "una saratani" ameambiwa jambo zito lakini hajaambiwa ni jambo gani. Akiambiwa "ni saratani ya seli bapa za mlango wa kizazi", amejua mahali ilipoanzia. Akiambiwa kwamba seli zilizobadilika "hazijauvuka utando kitako", hapaswi kuambiwa ana saratani hata kidogo. Ana mabadiliko ya seli yanayotibika, na hofu ya kuagana na watoto haina msingi. Tofauti ya kauli hizo inategemea maneno mawili, bapa na kitako, ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayo tangu utotoni.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, zoezi linalofuata kutokana na somo hili ni la vitendo. Jibu la maabara huwa na mistari michache: kiungo kilichokatwa kipande, aina ya epithelia, hali ya seli, na kama utando kitako umevukwa. Kila mstari unaweza kutafsiriwa kwa istilahi zilizotumika humu, kisha tafsiri ikasomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyesoma biolojia na akaulizwa ameelewa nini. Pale atakapokwama, istilahi ibadilishwe. Wanafunzi wa Chiromo wapo karibu, na wengi wao watahitaji maelezo hayo siku watakapoanza kuzunguka wodini.